Mshtuko wa sepsisi: kinga imezidi au imeishiwa?

Mgonjwa wa nimonia alilazwa jana akiongea. Leo presha inasoma 75 kwa 40, ukimbonyeza ukucha damu inachelewa kurudi, na mfuko wa mkojo haujaongezeka kitu tangu alfajiri. Antibayotiki zimeingia, dripu zimeingia, na sasa presha inashikiliwa na noradrenalini, dawa ya kukaza mishipa. Kwa vigezo vya mwaka 2016, huu ni mshtuko wa sepsisi, yaani maambukizi yaliyofikia kuumiza viungo na kuangusha presha, ilimradi laktati kwenye damu (asidi inayopanda tishu zikikosa oksijeni) nayo imezidi milimoli 2 kwa lita.

Anayemmaliza ni bakteria, au ni kinga yake mwenyewe?

Kwa miaka mingi lawama ziliangukia kinga, na si kwa kuonewa. Chembe nyeupe za damu zikinusa sumu ya ukuta wa bakteria humwaga kwa wingi saitokini, kemikali za kuitana vitani. Mishipa hulegea na kuvuja, damu huganda kwenye vimishipa vidogo, figo na ini hukosa oksijeni. Ni mtu anayechoma nyumba yake kwa sababu ya kunguni. Mwaka 1985 Bruce Beutler na wenzake walionyesha kwamba panya waliokingwa dhidi ya saitokini moja tu, TNF, walistahimili dozi ya sumu iliyoua wengine. Mwaka 1998 maabara yake ikakitambua kipokezi chenyewe cha sumu hiyo, TLR4, kazi iliyompa sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2011.

Basi zima moto, mgonjwa apone. Hapo ndipo hesabu ilipogoma. Dawa za kuzuia TNF hazikuleta nafuu iliyotarajiwa. Eritorani, iliyoundwa kuziba TLR4 yenyewe, ilijaribiwa kwa wagonjwa karibu 2,000, na majibu ya mwaka 2013 yakaonyesha haikupunguza vifo. Mimi sishangai sana. Panya kijana aliyedungwa sumu saa mbili asubuhi si mzee mwenye kisukari aliyeugua nyumbani siku nne kabla ya kupata usafiri.

Upande wa pili unasema tumechelewa, moto umeshazimika na maji ya kuuzimia yamekwisha. Mwaka 2011 kundi la Richard Hotchkiss huko Marekani lilichapisha uchunguzi wa wengu na mapafu ya watu waliokufa kwa sepsisi, vipande vikiwa vimechukuliwa ndani ya saa tatu tangu kufariki. Limfosaiti, aina ya chembe nyeupe za kinga, zilikuwa zimepungua, na seli za wengu zilipochokozwa maabara zilitoa saitokini kiduchu. Kambi ilikuwa imehamwa. Wauguzi wa wodi ya mahututi (ICU) wanaijua sura hii: mgonjwa anavuka siku za kwanza, halafu anaangushwa na fangasi wa Kandida au bakteria wa wodini.

Lakini wengu wa maiti husimulia habari za waliokufa tu. Nayo dawa ya kuamsha kinga, intalukini-7, imeongeza limfosaiti katika jaribio la wagonjwa 27, idadi isiyotosha kusema nani ameokolewa.

Steroidi, dawa zinazotuliza kinga, zinatatiza zaidi. Mwaka 2018 majaribio mawili makubwa ya haidrokotisoni, mojawapo ya steroidi hizo, yalitoka kwa pamoja: moja halikuona tofauti ya vifo ndani ya siku 90, la pili, lililoongeza steroidi nyingine, fludrokotisoni, liliona vifo vikishuka kutoka asilimia 49 hadi 43. Yote mawili yaliona mshtuko ukiisha mapema. Tena haidrokotisoni hukaza mishipa pia, kwa hiyo si haki kuihesabia kinga ushindi wote.

Kwa maoni yangu kosa ni kuuliza "kinga" bila kuuliza ya nani, siku ya ngapi. Katika utafiti wa Lusaka uliochapishwa 2017, takriban 9 kati ya wagonjwa 10 wa sepsisi walikuwa na VVU. Kumtuliza mtu kama huyo kinga ni jambo la kufikiria mara mbili. Kupima uchovu wa chembe nyeupe kwa usahihi kunataka mashine ambayo hospitali ya wilaya haina. Ila hesabu ya limfosaiti imeshachapwa kwenye karatasi ya FBP, kipimo cha kawaida cha damu, mstari ambao wengi wetu tunaupita. Ikiwa siku ya nne bado iko chini, mtazame kama mtu asiye na kinga: kanula ya dripu ya tangu mapokezi itoke, katheta ya mkojo isiyo na kazi itoke, na homa mpya isisubiri raundi ya kesho.