Erased: fumbo lake jepesi, ila stori ya Kayo ni habari nyingine kabisa

Watu wakianza kutaja anime (katuni za Kijapani) za mafumbo, Erased haikosi kwenye listi, na ikishatajwa tu ubishi ni uleule, huyu anasema ni bora kabisa yule anasema mwisho umeiharibu. Mimi nasema hivi: ukiichukua kama stori ya kumsaka muuaji ni ya kawaida tu, tena kuna sehemu inapwaya, lakini ukiichukua kama stori ya watu wanaomzunguka mtoto anayeteswa mpaka wanamtoa pale alipo, sijaona anime nyingine iliyofanya vizuri hivi. Na shida yake yote inaanzia hapo, kwamba waliotengeneza walijali muuaji kuliko walivyojali kile walichokuwa wanakifanya vizuri.

Kuanzia hapa kuna spoila nyingi, yaani nafichua stori mpaka mwisho. Kama hujaicheki nenda kaicheki kwanza, ni episodi 12 tu, wikiendi moja umemaliza.

Kwa ambao walishaisahau: Satoru Fujinuma ana miaka 29, mwaka ni 2006, anataka kuwa mchoraji wa manga (vitabu vya katuni vya Kijapani) ila mambo hayaendi, so anapeleka piza kwa pikipiki. Ana kitu anakiita Revival, yaani likitaka kutokea jambo baya karibu yake anajikuta amerudishwa nyuma dakika chache, anarudishwa mpaka agundue nini hakiko sawa. Siku moja anakuta mama yake, Sachiko, ameuawa ndani, polisi wanamuona yeye ndiye muuaji, na safari hii harudishwi dakika, anarudishwa miaka 18 mpaka 1988, kule Hokkaido, kaskazini mwa Japani, kwenye theluji, mtoto wa darasa la tano mwenye akili ya mtu mzima. Na darasani kwao kuna binti anaitwa Kayo Hinazuki ambaye Satoru anajua kwamba siku chache zijazo atapotea na kukutwa amekufa.

Huo mwanzo jamani ni mkali. Episodi mbili za kwanza zimepangwa kwa akili sana, na director wake Tomohiko Itō alifanya kitu ambacho wengi hawakitaji, ukirudi 1988 picha inabanwa na mistari myeusi juu na chini kama filamu ya sinema, ukirudi 2006 inajaa skrini yote. Hakuna anayekuambia "sasa tuko zamani", macho yako yanajua yenyewe. Halafu sauti, Satoru mtoto kaigizwa na Tao Tsuchiya ila mawazo yake ya ndani unayasikia kwa sauti ya mtu mzima, Shinnosuke Mitsushima, so kuna muda mtoto anaongea kitu kwa mdomo halafu lile lijitu zima la ndani linashtuka kwamba limeropoka. Muziki ni wa Yuki Kajiura, sina la kuongeza.

Lakini kilichonikalia mimi ni Kayo. Mama yake anampiga, na siyo vile vya kuonyeshwa kwa mbali halafu kamera inageuka, tunaona michubuko, tunaona anavyozamishwa uso kwenye beseni la maji ya baridi ili uvimbe upungue kabla ya kwenda shule. Ile ya beseni ndiyo iliyonichoma, sababu ni mtu mzima anayejua kabisa anachokifanya na anajua namna ya kukificha. Na darasani watu wanaona. Majirani bila shaka wanasikia. Hata sisi huku tunayajua haya, mtoto analia usiku nyumba ya pili na watu wanasema ya nyumba ya mtu hayaingiliwi, kesho yake wanasalimiana na yule mama kama kawaida.

Anachokifanya Satoru ni kidogo kidogo sana. Anakuwa rafiki yake. Anamwalika nyumbani kucheza. Anafanyiwa birthday pamoja naye kwa sababu wamezaliwa tarehe moja, 2 Machi. Halafu anafeli! Mara ya kwanza anadhani ameshamuokoa, tarehe imepita, kesho yake anaingia darasani kiti cha Kayo kiko wazi. Kufeli kule kumeibeba anime nzima kwa sababu kunaonyesha kwamba kumsindikiza tu na kumchekea hakutoshi kama jioni bado anarudi nyumba ileile. Mara ya pili anaporudi 1988 anafanya tofauti, yeye na rafiki zake wa darasani, kina Kenya na Hiromi, wanamficha kwenye basi bovu lililotelekezwa, wanampelekea chakula, wanakaa naye.

Na ile episodi ya chai ya asubuhi. Sachiko amewagundua, hagombi, anamchukua Kayo analala kwao. Asubuhi Kayo anakaa mezani, wali wa moto, mayai, supu, vitu ambavyo kwa mtoto yeyote ni asubuhi ya kawaida tu, na pale pale zinapita picha za asubuhi za kwao, meza tupu, hela zimeachwa ajitegemee. Anakula kipande cha kwanza na anaanza kulia. Basi. Hakuna hotuba wala mtu kumwambia "sasa uko salama". Anime nyingi zingeweka pale dakika tano za maneno, hii imeacha mtoto ale huku analia na ikanyamaza. Halafu kinachofuata ni cha kiutu uzima kabisa, wanaitwa watu wa ustawi wa watoto, anakuja bibi yake Kayo, na tunajua mama mwenyewe naye aliwahi kupigwa na mumewe. Hawamsamehi kirahisi ila hawamfanyi zimwi.

Sasa muuaji. Ugumu wa fumbo lolote ni kumpa mtazamaji watu wa kuwashuku, na Erased haina watu. Hebu hesabu wanaume wazima wenye nafasi kwenye 1988 yake: kuna Yuuki, kijana mpole anayependa watoto, ambaye tumeshaambiwa kwamba alifungwa bila kosa, so huyo ametoka. Anabaki nani wa maana? Mwalimu Yashiro. Halafu wanampa sura nzuri, busara, gari, na ile scene Satoru anafungua kiboksi cha mbele cha gari zinamwagika peremende, mwalimu anasema ni za kumsaidia kuacha sigara. Ile ilitakiwa itutie shaka halafu ituondoe shaka, lakini huwezi kumficha mtu mmoja kwenye chumba chenye mtu mmoja. Alipokuja kujitaja episodi ya 10, ndani ya gari, mkanda umegoma kufunguka na gari linaelekea kwenye ziwa lenye barafu, scene yenyewe inatisha kweli, nikiri hilo, ila mshangao haukuwepo.

Na mimi nadhani wala hawakuhitaji mshangao. Angalia anime nyingine, Monster ya 2004, episodi 74, muuaji wake Johan unamjua mapema kabisa na bado hulali, kwa sababu swali siyo nani, swali ni huyu mtu ni wa namna gani na atafika wapi. Fikiria Erased ingetuambia episodi ya 5 kwamba ni Yashiro, halafu tumwone anavyokaa kwenye kikao kimoja na watu wa ustawi kumwokoa Kayo! Maana alishiriki kweli, mwalimu yuleyule aliyepanga kumuua ndiye aliyesaidia kumtoa kwa mama yake. Hicho kitu kimekaa pale kwenye stori, kinatisha kuliko ziwa, na hawakukitumia kwa sababu walikuwa bize kuficha jina.

Baada ya ziwa Satoru analala koma miaka 15, anaamka 2003, na hapo zimebaki episodi mbili. Mbili! Kwenye manga ya Kei Sanbe sehemu hii ina nafasi ya kupumua, utoto wa Yashiro unaelezwa kwa kina, kurudi kwa kumbukumbu za Satoru kunachukua muda. Kwenye anime unapata mazungumzo juu ya paa la hospitali, muuaji anaungama, Satoru anaanguka, chini marafiki wameshaandaa pa kumdakia, imekwisha. Kina Kenya wamekuwa wanasheria na madaktari, hongera kwao, lakini lini walimgundua mwalimu na walimfuatiliaje? Hatuoni. Airi naye, binti wa kazini aliyemwamini Satoru pale 2006 wakati kila mtu kamkimbia, amewekwa pembeni mpaka sekunde za mwisho.

Kuna wale wanaolalamika kwamba Kayo kaolewa na Hiromi wakati Satoru ndiye aliyemwokoa. Hapo siko nao kabisa. Satoru ndani yake ni mtu wa miaka 29 na Kayo alikuwa na miaka 10, halafu hakumwokoa ili aje alipwe. Yule mwanamke anaingia hospitali na mtoto wake, amekua, ana maisha yake, na uso wa Satoru pale una furaha na maumivu kidogo kwa pamoja, mimi ningeichukua hiyo scene moja niache paa lote.

Kwa hiyo ukiuliza kama naipendekeza, ndiyo, bila kusita, episodi 1 mpaka 9 uziangalie kwa utulivu bila simu mkononi. Ukifika ya 10 imalize, ila ukiona umebaki na njaa tafuta manga uanzie pale Satoru anapoamka.