Ngozi si mabaki tu

Mwandishi wa makala moja juu ya viatu vya ngozi asema ngozi ni mabaki ya nyama, ng'ombe keshachinjwa, basi mvaa viatu vya ngozi hana lawama. Mimi nimezaliwa Kibokoni, Mombasa, makubadhi ya ngozi nimevaa tangu utotoni, na hoja hiyo niliiamini miaka mingi. Siiamini tena. Ngozi ina bei, na bei hiyo imo katika hesabu ya anayefuga na anayechinja. Tazameni punda: hapa Kenya alichinjwa kwa maelfu ili ngozi yake ichemshwe kuwa dawa China, mpaka Umoja wa Afrika ukapiga marufuku Februari 2024. Kwa punda, mabaki yalikuwa nyama.

Suala la maji makala imeliruka kabisa, nami ndilo linaloniuma zaidi. Ngozi mbichi huoza. Ili isioze, viwanda vingi duniani huing'oa manyoya kwa chokaa na kemikali ya salfaidi, kisha huiloweka katika chumvi za madini ya kromiamu. Kule Hazaribagh, mtaa wa viwanda vya ngozi mjini Dhaka, Bangladesh, maji machafu ya kazi hiyo yalimwagwa miongo mingi, mto Buriganga ukawa mweusi, hadi 2017 viwanda vikahamishiwa Savar, nje ya mji. Sisi tunaovua na kuogelea hori ya Tudor hapa Mombasa, penye mikoko, tutakubali hayo?

Ngozi ya plastiki nayo siisifu, maana haiozi. Lakini akala za tairi kuukuu zipo, fundi huzikata mbele yako, na miaka mitatu sasa ndizo nivaazo hata msikitini.