Mofini: chupa ya kijani na hofu ya teja

Mgonjwa wa saratani iliyoingia mifupani halali. Panadol haimgusi. Kinachomfaa ni mofini ya maji, chungu kama shubiri, anayokunywa kila baada ya saa nne. Itaje mbele ya ndugu zake uone. Mmoja atauliza: si mtamgeuza teja?

Swali lina msingi. Heroini hutengenezwa kutokana na mofini, na huku Pwani arosto, yaani mateso ya teja akikosa dawa, hatuijui kwa kusimuliwa. Huko Marekani nako, kampuni ya dawa ya Purdue Pharma ilipoingiza OxyContin, kidonge cha maumivu cha jamii moja na mofini, sokoni mwaka 1996, iliwashawishi madaktari kwamba hatari ya uraibu ni ndogo. Wagonjwa wakaandikiwa vidonge hata kwa mgongo unaouma miaka nenda miaka rudi. Mwili ulipozoea, dozi ikapandishwa. Na dozi ikizidi, hasa juu ya pombe au dawa za usingizi, pumzi hufifia mpaka ikakata. Kampuni ilikiri makosa mahakamani mwaka 2007, ikakiri tena 2020.

Ila gharama ya hofu hiyo imemwangukia nani? Tume ya jarida la Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za jamii hii zilizosambazwa duniani kwa mwaka, zikipimwa kwa kipimo cha mofini, nchi maskini zilipata tani 0.1. Cha ajabu, tramadoli, dawa nyingine ya maumivu ambayo vijana huitafuna kwa ulevi, haimo katika orodha za mikataba ya kimataifa inayoibana mofini. Kufuli tumeliweka kwenye mlango usiopitwa na mwizi.

Uganda walifikiri tofauti. Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993, huchanganya unga wa mofini na maji, ikatia rangi ili nguvu zisichanganywe: chupa ya kijani ndiyo nyepesi. Tangu 2004 wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa mzito, wanaruhusiwa kuiandika, na mgonjwa hatozwi. Maji hayo machungu na mepesi hayamtamanishi muuza unga.

Kwa mwenye mgongo ningesita, tena sana. Kwa yule wa saratani, kabla ya uraibu ningeulizia dawa ya kulainisha choo. Kufunga choo ndiko kutakakomtesa kwanza, na kusipotibiwa ataisusa mofini mwenyewe.