Siku Niliyomwua Chatu Mbele ya Bodi ya Shule

Mwalimu mwenzangu wa Baiolojia ameshatangulia kusambaza simulizi yake, tena kwa ujumbe wa sauti wenye vicheko vingi kuliko maneno, na tangu jana jioni nimepokea picha 11 za chatu kutoka kwa watu ambao sikujua hata kama wana namba yangu. Naandika haya uchungu ukiwa bado mbichi, kwa sababu simulizi yake ina moshi, ina machozi, na inaishia nikivuka mpaka kwa miguu kuomba hifadhi Busia ya Kenya. Moshi haukuwapo. Machozi yalitokana na vumbi la chaki, ingawa nakiri kwamba ubao wa chumba chetu cha kompyuta ni ule mweupe wa kuandikia kwa kalamu. Kuhusu mpaka, nilifika getini mwa shule tu, nikarudi, kwa kuwa mkoba wangu ulikuwa umebaki ndani.

Ninyi mnaonifuata siku zote mnajua jinsi ninavyowachosha kwa mahubiri ya programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzibadilisha. Shule yetu, hapa Busia upande wa Uganda, ina kompyuta kuukuu 20 za msaada, na bodi ilikuwa inajiuliza kama inunue leseni za mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta, au itafute njia nyingine. Njia nyingine ilikuwa mimi. Niliomba nusu saa katika kikao cha Jumamosi, nikaja na kompyuta yangu ya mkononi yenye Ubuntu, mfumo endeshi wa bure, nikaiunganisha na projekta, na mbele yangu wakaketi Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, wazazi kadhaa, na Mwenyekiti wa bodi, mzee ambaye kwa miaka mingi amefanya kazi ya kubadilisha fedha pale mpakani. Naomba mkumbuke kazi yake hiyo.

Nilianza vizuri, na hilo hata mwalimu wa Baiolojia hawezi kulikana. Nilieleza kwamba Ubuntu ilianza mwaka 2004, kwamba jina lake ni neno la lugha za kusini mwa Afrika lenye maana ya utu, na kwamba sisi hapa hatuna haja ya kufundishwa neno hilo kwa kuwa Waganda wana obuntu bulamu yao tangu zamani. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Nikaeleza kwamba kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Aprili, hutoka toleo la kudumu linalotunzwa kwa miaka mitano, na kwamba langu ni la 22.04, yaani la Aprili 2022. Nikawaonyesha ukutani picha ya yavuyavu, yule kiumbe wa baharini aliye nembo ya toleo hilo, ambaye sisi watu wa mbali na bahari hatujapata kukutana naye. Mwalimu Mkuu alimpenda sana.

Kisha nikaeleza vifurushi. Nikisema vifurushi, ndugu zangu, sizungumzii bando za intaneti. Programu za Ubuntu huhifadhiwa katika ghala kwenye mtandao, kila moja ikiwa imefungwa pamoja na orodha ya programu nyingine inazozitegemea, na wewe ukiagiza moja kwa chombo kinachoitwa apt, chenyewe kinakwenda ghalani, kinachukua ulichoagiza na vyote ambavyo hicho hakiwezi kuishi bila navyo. Niliagiza mchezo mdogo wa watoto, ukaja, ukafunguka, watu wakapiga makofi. Hapo ndipo ningetakiwa kushukuru na kukaa.

Lakini mwalimu wa Hisabati, kijana aliyeajiriwa muhula huu, aliinua mkono na kuuliza kwa upole kompyuta yangu ina Python ya toleo gani. Python, neno ambalo kwa Kiingereza ni chatu, ni lugha ya kuandikia programu, nami huwafundisha wanafunzi wa klabu ya kompyuta. Nikaangalia, nikasema 3.10. Akajibu, bado kwa upole, kwamba ya kwake ni 3.12. Hakusema neno jingine. Lakini alitabasamu, na tabasamu lile lilinichoma kuliko matusi, kwa sababu mimi ndiye mwalimu wa kompyuta katika shule ile, naye hata kiti chake katika chumba cha walimu bado ni cha kuazima.

Nikatangaza kwamba nitawaonyesha jinsi tunavyosasisha. Wenye ujuzi mtakaosoma hapa mmeshaanza kushika vichwa. Naomba mvumilie, kwa maana mimi nilizoea Windows kwa miaka mingi, na kule nilijifunza kwamba programu ya zamani huondolewa kwanza, kisha mpya huletwa, kama mtu anavyotoa godoro bovu kabla ya kuingiza jipya. Sikujua kwamba katika Ubuntu, Python si godoro. Zana nyingi za mfumo wenyewe zimeandikwa kwa lugha hiyo, na zinaitegemea ile ile 3.10 iliyokuja na mfumo.

Nikaandika, herufi moja moja, nikizitamka kwa sauti ili wazazi wafuatilie: sudo apt remove python3, yaani kwa mamlaka ya msimamizi, ondoa Python. Mashine ikaomba nenosiri. Nikaliandika, na kwa kuwa katika dirisha lile nenosiri halionyeshi hata nukta, mzazi mmoja akanisikitikia, «Madam, kibodi imekufa.» Watu wakacheka. Nami nikacheka kwa kiburi cha mtu anayejua, nikawaeleza kwamba huo ni usalama.

Ikashuka orodha. Ilikuwa ndefu, imejaza ukuta mzima, na juu yake palikuwa na maelezo kwamba vifurushi vifuatavyo vitaondolewa. Orodha za apt hupangwa kwa alfabeti. Nilisoma majina manne ya mwanzo, sikuyatambua hata moja, nikaamua kwamba kitu nisichokijua hakiwezi kuwa na umuhimu. Jina la ubuntu-desktop, yaani madirisha yote, picha zote na yule yavuyavu mwenyewe, huanza kwa herufi ya U, kwa hiyo lilikuwa limekaa chini kabisa, karibu na miguu ya Mwalimu Mkuu. Lilikuwa pale, ndugu zangu. Liliandikwa kwa urefu wa kiganja cha mkono, likimmulika viatu.

Mwenyekiti akauliza, «Madam, sasa inasema nini?»

Nikajibu, na maneno haya ndiyo yanayorudiwa katika chumba cha walimu kila mtu anapochemsha chai, «Mzee, inaomba ruhusa tu. Hii ni mashine yenye obuntu bulamu.»

Swali la mwisho lilikuwa limeandikwa kama linavyoandikwa siku zote, likiwa na Y kubwa na n ndogo. Ile Y kubwa maana yake ni kwamba ukibonyeza Enter bila kuandika chochote, umekubali. Sikuandika chochote. Nilikiinua kidole juu kidogo, kama mpiga ngoma anayesubiri mwimbaji amalize ubeti, nikamtazama mwalimu wa Hisabati, ambaye sasa hakuwa anatabasamu bali alikuwa ameinama mbele akisoma ukuta huku midomo ikicheza. Alifungua kinywa. Alisema, «Madam, samahani, nadhani...» Nikabonyeza.

Mistari ikakimbia. Kinaondolewa hiki, kinaondolewa kile. Mashine ilikuwa imesema mapema kwamba kazi hiyo itaachia mamia ya megabaiti, nami nikawatangazia wajumbe kwamba, pamoja na mengine, tumejipatia nafasi. Mzazi mmoja akapiga makofi peke yake.

Jambo lililonidanganya ni kwamba hakuna kilichobadilika. Programu iliyokwisha kufunguliwa huendelea kuishi katika kumbukumbu ya kompyuta hata baada ya mafaili yake kufutwa kwenye diski, kwa hiyo dirisha langu lilibaki wazi na yavuyavu aliendelea kuelea. Nikaendelea na hatua ya pili. Ili kupata 3.12 katika toleo la 22.04 huongezwa ghala la nje, na ghala linalojulikana kwa kazi hiyo linaitwa deadsnakes, yaani nyoka waliokufa. Niliwatafsiria. Nikafanya na mzaha kwamba tumemtoa chatu mzee na sasa tunamleta kijana. (Baadaye nilikumbushwa kwamba lugha ile haikupewa jina la nyoka hata kidogo, bali la kundi la wachekeshaji wa Uingereza, na nikaona kwamba wachekeshaji wale walikuwa kazini siku nzima.)

Amri ya kuongeza ghala ikajibu kwamba haikupatikana. Nikaiandika tena taratibu. Haikupatikana. Nikaiandika mara ya tatu, huku mwalimu wa Baiolojia akinisomea herufi kutoka nyuma kana kwamba tatizo lilikuwa tahajia. Haikupatikana, kwa sababu amri hiyo yenyewe imeandikwa kwa Python. Nilikuwa nimeivunja kata, kisha nimesimama mtungini nashangaa kwa nini maji hayapandi.

Mwalimu wa Hisabati akasema, «Madam, tafadhali usiizime.»

Nikaizima. Naomba nieleweke: watu wapatao 30 walikuwa wananitazama, na katika maisha yangu yote ya kompyuta, jambo lisiloeleweka limetibiwa kwa kuzima na kuwasha. Projekta ikaingia giza, ukuta ukawa mweupe, kisha samawati, kisha mweusi. Tukasubiri. Niliwaambia kwamba Ubuntu huwaka haraka. Tukaendelea kusubiri. Katika weusi ule yakajitokeza maandishi membamba upande wa juu kushoto, yakiuliza jina langu, na baada ya hapo kikabaki kistari kimoja kinachopepesa.

Hapakuwa na dirisha. Hapakuwa na kipanya. Mwalimu Mkuu akaegemea mbele na kuuliza kwa sauti ya mtu aliyefiwa, «Madam, yule mdudu wa majini amekwenda wapi?»

Nilimwambia anakuja. Nikaandika jina, nikaandika nenosiri, na mikono ilitetemeka kiasi kwamba nilikosea mara mbili, huku kila kosa likitangazwa ukutani kwa kila mtu. Mara ya tatu mashine ikanikubali. Ikatoa salamu yake ndefu, ikashuka mstari mmoja, ikaandika jina langu, jina la kompyuta, na mwishoni, kama inavyofanya kwa kila mtumiaji wa kawaida, ikaweka alama moja ya dola.

Chumba kilikuwa kimya kabisa. Nilisikia boda boda zikipita barabarani. Niliomba umeme ukatike, jambo ambalo sijawahi kuliomba tangu kuzaliwa, na umeme wetu, ambao hukatika hata tukipasi nguo, siku hiyo ulikaa imara kama mlima Elgon.

Mwenyekiti alivaa miwani. Aliikaribia alama ile, akaitazama kwa makini ya mtu aliyeishika kwa vidole vyake kila siku ya kazi yake, akageuka na kuniuliza bila hasira yoyote, «Sasa inadai dola?»

Sikupata jibu.

«Madam, ulituambia ni ya bure.»

Nilianza kueleza kwamba ile ni alama tu, kwamba maana yake ni kuwa mashine iko tayari kupokea amri kutoka kwa mtumiaji wa kawaida, kwamba haihusiani na fedha. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, akaitikia kwa kichwa, kisha akamuuliza Mwalimu Mkuu kwa sauti aliyodhani ni ya chini, «Haijasema ni ngapi?» Hapo ndipo mwalimu wa Baiolojia alipotoka nje akiwa ameuma leso, na hapo ndipo nami nilipoelekea getini.

Mengine ni mafupi. Kijana wa Hisabati aliiunganisha kompyuta na simu yangu kwa waya wa USB, akahangaika kidogo hadi mtandao ukapatikana, akaagiza ubuntu-desktop upya, na bando langu la mwezi mzima likaisha siku hiyo hiyo. Mafaili yangu yote yalikuwa salama, kwa kuwa vifurushi huondoka bila kugusa kazi za mtu. Python 3.10 imerudi mahali pake, na 3.12 ameisimika pembeni yake, zikaishi pamoja bila kugombana, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo. Kazi yote ilichukua jioni moja. Hakutabasamu hata mara moja, na hilo nalo liliniuma. Badala ya kile kiti chake cha kuazima, nimempa changu.

Bodi imeahirisha uamuzi hadi muhula ujao.

Leo asubuhi nililazimika kupita kibandani kwa Mwenyekiti kubadilisha shilingi za Kenya, na nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. Hakugusia kikao. Alinisalimu vizuri, akauliza habari za nyumbani, akahesabu noti zangu mara mbili na kunikabidhi. Nilipogeuka kuondoka akaniita, akavuta droo, akanionyesha noti moja ya dola aliyoiweka peke yake chini ya kikokotoo.

«Hii nimeitenga, Madam,» akasema. «Ile mashine ikidai tena, uje tu.»