Suruali ya Njano

Kwa miezi mitatu nilificha chini ya godoro suruali ya rangi ya ndimu iliyoiva, kana kwamba niliiiba, ilhali niliinunua kwa fedha yangu halali katika mitumba ya Birere, hapa Goma, Kongo. Sikumhofia mwizi. Nilimhofia mama auzaye makaa langoni petu, ambaye hapiti mtu mbele yake bila kukaguliwa kuanzia kofia hadi viatu.

Marehemu baba alikuwa na udhuru wa maana kuliko wangu. Katika miaka ya 1970 utawala wa Mobutu ulimvua suti na tai, ukamvika abakosti, koti lisilovaliwa na tai, na tai haikuruhusiwa tena hadi mwaka 1990. Yeye aliiogopa dola yenye askari na magereza. Mimi, mwanawe, mzaliwa wa nchi ya mwanamuziki Papa Wemba na masapeur wake, wale mabingwa wa kuvaa kwa madaha, namwogopa mtu mwenye magunia manne na kigoda.

Jumapili moja nikajipa moyo, nikaivaa. Moyo wenyewe haukuwa mwingi, kwa kuwa nilitokea uani, nikakatiza juu ya mawe ambayo volkano ya Nyiragongo ilitumwagia mwaka 2002, nikisahau kwamba vumbi jeusi la lava na kitambaa cha njano ni wake wenza wasioweza kuishi nyumba moja. Nilipofika kwenye sanamu ya Chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, miguu ya suruali ilikuwa kama imeungua nusu, mithili ya muhindi uliosahauliwa jikoni. Motari mmoja, dereva wa pikipiki ya abiria, akapunguza mwendo, akapaza sauti: "Papa, leo umevaa jua!" Nimelitafakari neno hilo majuma mawili, na bado sijaamua kama nimshukuru au nimtafute.

Wakati wa kurudi sikuwa na nguvu za kupanda mawe tena, nikapita langoni. Mama wa makaa alinitazama kwa kitambo kirefu, akaniamuru nigeuke, nami, baba wa watoto watano, nikageuka.

"Papa, kiuno chake ni namba ngapi?"

Nilipomtajia, akakunjua uso: mumewe ana kiuno hichohicho, na Jumamosi wangepeleka mahari ya mdogo wake. Jirani hanyimwi, hasa jirani anayekukopesha makaa.

Tangu siku hiyo suruali yangu imehudhuria mahari moja Himbi na harusi mbili Katindo, ambako nasikia ilisifiwa sana. Mimi sikualikwa hata kwenye moja.