Mtarakwa tuuache milimani

Wapo watu hapa visiwani wanaotamani mtarakwa kwenye bustani zao. Wamevutiwa na picha: mti umenyooka, majani hayapukutiki, na wamesikia kwamba mbao zake mchwa hawazigusi. Hilo la mchwa ni kweli. Kuuleta hapa ndiko ninakokupinga.

Mtarakwa ni wa nyanda za juu zenye baridi na ukavu, toka mita 1,500 hivi kwenda juu. Utaukuta Shume na Magamba kule Usambara Magharibi, Meru, upande mkavu wa Kilimanjaro, halafu Kenya, Ethiopia, mpaka milima ya Yemen. Unguja na Pemba hazifiki hata mita 200. Sioni mti huo utapata nini hapa zaidi ya jasho. (Na mvinje wetu wa ufukweni, kwa wanaoutolea mfano kwamba mti wa namna hiyo huota hapa, si wa ukoo huo. Mvinje hutoa maua, mtarakwa hautoi.)

Mtarakwa hukua polepole, na mche wake haustawi chini ya kivuli cha msitu uliofunga. Husubiri uwazi, na mara nyingi uwazi huo huletwa na moto. Gome lake jembamba halihimili, mti mkubwa hufa, kisha miche huchomoza juani, ndiyo maana mitarakwa mingi husimama pamoja ikiwa rika moja. Moto ukirudi kabla miche haijafikia umri wa kuzaa, hapo hakuna kinachobaki. Tena mizee mingi huliwa na kuvu kwa ndani. Unaangusha jitu zima, unakuta pango.

Wajerumani waliutaka sana. Kabla ya Vita vya Kwanza walitandaza waya wa kuteremshia magogo kutoka Shume hadi kwenye reli, Mkumbara. Mti wa karne nzima, na sifa yake kubwa sokoni ikawa penseli!

Sisi Wapemba tunatazamana na Tanga, kwa hiyo habari za Usambara zinatuhusu tukinunua mbao. Muulize muuzaji mzigo umetoka wapi, usije ukanunua mtarakwa wa msituni. Kwa kenchi, msonobari wa kupandwa, kama ule wa mashamba ya miti ya Sao Hill, unatosha kabisa, mradi umetiwa dawa. Usiotiwa dawa mchwa wanaumaliza, najua, na dawa ina gharama. Ilipwe.

Anayetaka mti wa fahari uani apande mpapindi, mti wa jamii ya mnazi. Huo kwa asili hauoti popote duniani ila Pemba, na katika msitu wa Ngezi bado upo.