Kompyuta Inayokonyeza

Steshenari ya mama mwenye nyumba wangu hapa Ng'ong'ona ina kompyuta moja inayotumia mfumo wa Linux, printa inayokohoa, na adapta ya USB ya intaneti iliyokuja na draiva yake, yaani programu ya kuiendesha, kwenye sidii. Mama huichomoa ili achaji simu. Anadai tundu lile lina moto kuliko mengine.

Sasa, akichomoa asubuhi duka likiwa tupu, hakuna neno. Akichomoa jioni wanachuo wamejaa, wanapakua notsi, kompyuta inaganda hapohapo na taa ya Caps Lock inaanza kupepesa.

"Inanikonyeza!" akanipigia simu. "Mwanangu, hii ni husuda. Mbona tukiwa wawili tu haifanyi?"

Nilikuta chetezo cha ubani juu ya printa na wateja wanakohoa kuishinda.

Bahati nzuri sidii ilikuwa na msimbo wa draiva. Nikashuka hadi sehemu inayofanya kazi pale adapta inapochomolewa. Fundi aliyeiandika kaanza vizuri na unregister_netdev, amri ya kuiondoa adapta kwenye orodha ya mfumo, akafuatisha free_netdev kurudisha memori, halafu ndipo akakumbuka kukisimamisha kibarua kinachoamka kila sekunde kukagua laini. Kibarua chenyewe kinaishi ndani ya memori hiyohiyo iliyokwisha kurudishwa! Duka likiwa tupu, memori inakaa bila mwenyewe, kibarua kinaamka kinakuta vitu vyake palepale, kinaponea. Likijaa, memori inagombaniwa. Kipande kile kinapewa mwingine papo hapo, kibarua kinaamka kinashika vitu vya watu, Linux inapata kiwewe. Ndiyo ile konyezo. Kwa hiyo Mama hakukosea sana: kweli tatizo lilikuwa watu.

"Mama, huyu fundi kabomoa choo mtu angali ndani."

Akashika kiuno. "Kwa nini hakupiga hodi?"

Nilibaki namtazama. Wapo watu wanalipwa mishahara na swali hilo hawajawahi kujiuliza. Hodi yenyewe ipo, inaitwa cancel_delayed_work_sync: inazuia kibarua kisiamke tena, na kama kimo kazini, inasubiri kimalize kitoke. Fundi aliipiga baada ya kubomoa. Nikaipandisha juu ya free_netdev, nikaijenga draiva upya, tukangoja jioni duka lifurike. Mama akasema bismillahi, akachomoa. Kibodi haikumkonyeza mtu.

Akanipa mfuko wa zabibu, nikadhani yameisha.

Siku hizi akiingia mteja mgeni, Mama anasimama, anaichomoa adapta na kuinyanyua juu: "Mnaona? Mwanangu kaitoa jicho!" Juzi kafanya hivyo kijana wa kwenye kona akiwa ukurasa wa mwisho wa fomu ya mkopo, anatuma. Ukelele wake niliusikia nikiwa chumbani.

"Wewe nawe," Mama akamjibu, "kompyuta si hiyo, nzima? Unalia nini?"